Namba Kumi na Moja

Jumamosi ya Julai, baridi imeng'ang'ania vidole,
tulipanga mikokoteni kando ya kiwanda cha mbao,
kumi na saba, na wa Nibaldo aliyekuja kwa miguu tu,
maana farasi wake manispaa ilimchukua mwaka jana,
kisa karatasi.

Daktari Ximena Huenchul akavaa glavu hadi begani,
ndefu kama soksi ya padri.
"Nani wa kwanza?"
Tukatazama viatu vyetu.

Farasi wangu ni kuni za nyumba thelathini.
Ni unga, ni gesi, ni daftari za mjukuu.
Ukiniambia ana ugonjwa unaoingia kwa watu,
umeniambia nini? Nimfunge wapi?
Nile nini?

Pimienta ana miaka kumi na tisa.
Jicho la kushoto limeingia wingu.
Alisimama kama mama anayepimwa shinikizo la damu,
akitazama mbali, akingoja aibu ipite.
Daktari akachota, akatia kikoponi,
akaandika kwa kalamu nene: 11.
Nikamwambia, ana jina.
Akaandika na jina.

Siku tisa. Sikulala vizuri hata moja.

Siku ya kumi aliniita nichungulie hadubini.
Kwanza niliona kope zangu mwenyewe.
Kisha mayai: rangi ya dhahabu, kila moja na kifuniko chake,
vyungu vidogo vinavyongoja kufunuliwa.
"Mnyoo wa ini," alisema. "Ni bapa kama jani.
Mayai yakifika majini huingia kwa konokono,
yakitoka kwa konokono hujibandika kwenye majani."
Nikauliza, atakufa?
Hakunijibu hilo.
"Hunywa wapi?"
Mferejini, nyuma ya nyumba.
"Na nyinyi, mnakula nini cha mferejini?"

Hapo ndipo ulimi uliponikauka.

Uberlinda wangu huchuma berro, mboga ya majini,
magoti kwenye tope, sketi kaipandisha kiunoni.
Hufunga mafungu kwa uzi mwekundu
na kuyauza juu ya mkokoteni huo huo:
kuni upande huu, kijani upande ule,
na mbele, Pimienta akinyanyua mkia apendapo.
Yanayobaki jioni tunakula mabichi,
chumvi, limau, mkate.
Miaka ishirini na sita.

Msimu wa pili huu analalia ubavu wa kushoto
kwa kuwa wa kulia unamchoma.
Tulisema ni nyongo.
Tulisema ni kijicho cha wifi yake.
Tulimchemshia kila jani isipokuwa lile
lililopaswa kuchemshwa.

Maneno ya daktari yalinikata maini,
na safari hii sikuwa nasema kwa mafumbo.

Nilimleta farasi apimwe kama mshitakiwa.
Kumbe alikuwa shahidi,
na ushahidi wake ulitoka kwa njia pekee aliyopewa.

Uberlinda alipimwa damu Alhamisi, mimi Ijumaa.
Yeye anao. Mimi, wanasema, turudie.
Hakulia. Aliuliza tu juu ya wateja:
mjane Ormeño, wale mapacha wa duka la mikate,
mwalimu anayenunua mafungu mawili kila Jumatano.
Aliyataja majina yote, akihesabu kwa vidole,
akazimaliza mkono, akaanza tena.
Kisha akavaa koti akatoka kwenda kuwagongea milango.
Nilitaka kumsindikiza. Akakataa.

Sasa maji ya Pimienta nayateka bombani,
ndoo nne asubuhi, nne jioni, mgongo unalalamika.
Ameshamezeshwa dawa; aliitema nusu kwenye shati langu.
Kibuyu cha uzi mwekundu kiko dirishani, hakijaguswa.

Namwekea ndoo. Ananusa maji safi,
ananitazama kwa jicho lile zima,
kisha anageuza shingo, polepole,
kuelekea mferejini.