Kitanda Kimoja, Bila Godoro

Fundi Semkiwa wa Muheza aliupiga msasa siku mbili:
mninga, futi sita na nusu, kitasa cha shaba.
"Usiulaze juani," aliniambia, "utapinda."
Nikaupakia kwenye fuso lililokwisha kushusha machungwa,
tupu, bado linanuka maganda.

Boza tairi la nyuma likakata tamaa.
Dereva akapiga jeki. Mimi nikaushika mlango wima kando ya barabara,
mbuzi watatu wakaja kusimama kwenye kivuli chake
kama waliobisha hodi wasijibiwe.
Kisha vumbi. Kisha minazi. Kisha foleni ya Pangani.

Kivuko kilikuwa ng'ambo, Bweni,
kimelala, mtu mmoja juu yake anafua shati.
Mto wenyewe si mpana:
ukimwita mtu wa kule, anageuka.
Saa nne tulikaa tukiutazama usivyo mpana.

Kidirishani, Riziki akapitisha kidole kwenye karatasi ya nauli:
baiskeli, mbuzi, bajaji, gunia, jeneza.
"Mlango haumo."
Akafikiri. Akakitazama kitasa.
"Kitanda kimo. Lipa kitanda."
Risiti ninayo: Kitanda 1, bila godoro.

Katikati ya maji nilisimama nimeukumbatia,
upepo unausukuma kama mgeni mwenye haraka.
Mwanamke mwenye mtoto wa homa akajibanza nyuma yake.
"Nyumba yako nzuri," akasema, "ila ukuta umesahau."
Kushoto kwetu mlango wa mto,
usio na bawaba, usio na komeo,
maji yanaingia na kutoka bila kumuuliza mtu.

Bweni, Shekiondo akaufunga kwenye pikipiki kwa kamba ya katani,
tukaenda upandeupande kama kaa.
Baada ya Mwera, tope.
Hapo tulisukuma kuliko tulivyopanda.

Mlango wa baba waliula mchwa.
Miaka minne mama ametundika kanga,
jina lake limefifia, imebaki nusu:
...WEWE YAKUHUSU NINI.
Nikaishusha. Nikakaza bawaba hadi magharibi.
Ukafunga taratibu, bila mlio, hata mwanga haupiti.

Asubuhi nilitoka kuchota maji, nikaurudisha nyuma yangu.
Niliporudi nikabisha. Nikabisha tena.
Nikaupiga mninga kwa ngumi, ndoo inamwagika.
Masikio ya mama yalishaondoka zamani,
nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kujua anaishije bila hayo.

Alifungua mwenyewe, akitaka kutupa majivu.
Akanikuta.
"Ni mzuri," akasema, akiupapasa kama shavu.
"Ila kwenye kanga nilikuwa naona miguu."

Nikaazima msumeno kwa Ngoda, jirani.
Shubiri moja, chini, pembe hadi pembe.
Fundi Semkiwa asiambiwe.

Sasa mama akilala anatazama ule mwanga mwembamba:
kuku.
Kuku.
Ndala zangu.