Mizani

Sasisho lilishuka Jumanne, saa tisa usiku,
Grimsby, mvua ikipiga dirisha ubavuni,
nami nimetoka zamu, vidole bado vinanuka chewa.
Nikasoma: mabawa ya majoka yetu yamepunguzwa, asilimia tano.
Na Ngome Nyeupe? Kuta zao zimeongezwa kimo.
Nikapiga meza. Chai ikamwagika.

"Wanawapenda wao," nikasema,
na masikioni mwangu sauti arobaini za Mwezi Mwekundu
zikaitikia: wanawapenda wao.
Mmoja alikuwa na takwimu.
Wa pili alikuwa na binamu
aliyemwona fundi mkuu wa mchezo, maonyeshoni Birmingham,
amevaa fulana nyeupe.
Nyeupe! Ushahidi gani tena?

Chumba cha juu anaishi Vytenis, Mlithuania.
Tunagawana jiko, bili ya gesi, na zamu ya kutoa taka.
Yeye ni wa Ngome. Mwezi uliopita alinichoma moto darajani
mara tatu, kisha akashuka ngazi kuniuliza
kama chumvi imebaki.
Nikampa nusu kijiko.
Nikahakikisha ni nusu.

Usiku ule nikawaandikia mafundi malalamiko.
Kiingereza kilinikatalia; hasira yangu ina vina.
Shangazi yangu wa Tanga, zamu yake iliporukwa
mume akalala kwa mke mdogo, hakugomba: alitunga.
Nami nikatunga.

Mafundi mnaopima, mizani imepotoka,
Wao mwawapa mlima, sisi bonde la mashaka,
Majoka yamesimama, mabawa mmeyashika,
Mpishi akiwa mwema, sahani zote hucheka.

Mashine ikajibu kabla sijafunga dirisha:
Asante, Mize. Maoni yako yamepokelewa.
Tafadhali ikadirie huduma yetu kwa nyota.

Ijumaa nilifanya jambo la aibu.
Nilijisajili upya, kwa jina la kiume, ndani ya Ngome Nyeupe.
Nikakaa juu ya kuta zile zilizoongezwa
(ni ndefu kweli, sikusingizia)
nikasikiliza.
Saa nzima walilia.
Kwamba Mwezi unadekezwa. Kwamba majoka bado yana mabawa!
Kwamba binamu ya mtu alimwona fundi mkuu, Birmingham,
na mkobani mwake kibandiko cha mwezi.
Kisha sauti ya Vytenis, niliyoisikia mara mbili,
masikioni na darini:
"Wanawapenda wao."
Kicheko kikanijaa kifuani. Nikakimeza,
maana naye angenisikia.

Kazini natia minofu kwenye trei, trei juu ya mizani,
mizani inaandika, na iandikacho
mwisho wa wiki ndiyo kodi ya nyumba.
Jumatatu akaja fundi mwingine, wa bisibisi na mafuta,
na jiwe la shaba la kilo moja, limefungwa kitambaani kama kito.
Akaliweka.
Gramu mia tisa na sitini.
Akaliinua, akalipuliza, akaliweka tena.
Mia tisa na sitini.

Doreen msimamizi akatazama saa ya ukutani.
Vytenis, laini ya pili, akatazama buti zake.
Mimi nikaanza kuhesabu: trei mia tatu kwa zamu,
zamu tano kwa wiki, tangu Machi,
na kabla ya Machi nani ajuaye,
hadi namba zikanipotea baina ya kisu na mfupa.

Hakuna aliyepiga meza.
Hakuna aliyeuliza wanampenda nani.
Fundi akakaza skrubu, akatia saini,
ukanda ukaanza kutembea, tukaendelea kukata.

Usiku, hodi mlangoni.
Hakuja na kijiko. Alishika penseli
na bahasha ya stakabadhi za mishahara, zimepangwa kwa tarehe.
"Arobaini," akasema Vytenis, "mara mia tatu."
Nyuma yangu, kwenye skrini, lango la Mwezi lilikuwa linaungua,
watu wananiita kwa jina.
Nikamsogezea kiti.