Shuka ni Langu

Shuka ni langu. Hilo lijulikane kwanza.
Pamba nzito, pembeni limetariziwa herufi za mama yangu,
na kila usiku usio na mvua, saa tano na ushei,
limewambwa kati ya mtofaa na ukuta wa chumba cha mvuke,
jeupe, limenyooka,
kama mgeni anayepigwa picha ya pasipoti.
Jirani yetu Asta alisimamisha baiskeli:
"Helju, nani anakausha nguo usiku wa manane?"
Nikamjibu: Vello.

Vello wangu alikunja nondo miaka thelathini na minane.
Nondo za chuma, za milimita kumi na mbili, za kumi na sita,
za madaraja, za maghala, za gati la feri,
chuma kilichozikwa ndani ya zege
ambako hakuna wa kukisifu.
Mgongo ulipogoma akastaafu,
akarudi huku kisiwani, akaanza nondo wale wengine,
wa vumbi, wa mbawa.
Neno ni lilelile. Mzigo ndio umepungua.

Julai kwetu usiku ni mfupi kama kikohozi.
Giza huingia saa sita, saa nane na nusu limeshaaga,
kwa hiyo kila kitu ni pupa:
taa inanguruma, mbu wanatula shingo.
Kwanza huja wadogo, makombo ya mkate yenye mabawa.
Halafu mbawakawa, anagonga shuka
kama mlevi aliyesahau mlango wake.
Halafu yule mkubwa, waridi na kijani cha zeituni,
amevaa kama anakwenda harusini kwa watu asiowajua,
na Vello, ambaye siku ya harusi yetu alisema maneno manane,
anamnong'oneza: "Tulia, mpenzi, tulia."
Mimi nashika tochi. Nimesikia.

Mikono yake ni ya koleo. Kidole gumba hakikunjiki.
Lakini mtazame anavyomtoa nondo kikoponi,
anavyomshusha juu ya gome,
anavyozuia pumzi mpaka kamera ilie.
Macho ndiyo yaliyochoka, basi kitabu nasoma mimi:
mstari wa pili umepinda? kuna doa la umbo la figo?
ukingo una meno?
"Rudia," anasema. Narudia.
Daftari lina majina mia nne na tisa
kwa mwandiko wa fundi: herufi kubwa, wino, tarehe, upepo.

Juzi alikuja wa kijivu,
mwenye alama nyeusi begani kama jambia dogo.
Kitabu kina wawili wa namna hiyo, ukurasa mmoja.
Nilisoma mara tatu, nikavua miwani, nikaivaa tena.
Tukatuma picha kwa bwana Rein kule Tartu.
Jibu likaja asubuhi: kwa picha haiwezekani.
Muue, umpasue tumbo, utazame kwa hadubini.
Utotoni, akaongeza, ungemjua mara moja:
kiwavi wa huyu ana nundu ndefu mgongoni,
wa yule, fupi.

Vello alikaa na kikopo mapajani. Kahawa ikapoa.
Huyu ni mtu aliyepima chuma kwa nusu milimita,
aliyewahi kurudisha lori zima kwa sababu ya kutu.
Nikangoja ainuke kwenda kuchukua chupa ya dawa.

Akafungua kifuniko.
Akamweka kwenye mtofaa, upande wa kivuli,
nikamtazama, nikapepesa, nikampoteza,
maana gome na mbawa vilikuwa kitu kimoja.
Kisha Vello akaandika, kwa penseli,
sijawahi kuona penseli kwenye daftari lile:
410. HUYU AU YULE.

Shuka nimelifua mara mbili.
Unga wa mbawa hautoki pale kwenye herufi za mama.
Leo kuna mawingu, upepo wa kusini, joto zuri,
naye amesimama mlangoni tangu chakula cha jioni,
ananiuliza, kama mtu anayekopa,
lile shuka la pili liko wapi.