Taa Isiyowaka

Nilinunua pikapu kwa dola elfu sita
kutoka kwa kijana wa Medicine Hat mwenye meno mazuri.
Nilichoipendea ni kimya cha dashibodi:
hakuna jicho jekundu, hakuna la manjano.
Gari lisilolalamika, nikajiambia,
tofauti na watu wote niliowahi kuishi nao.

Verna Halvorsen ametengeneza magari hapa Brooks miaka arobaini.
Vidole vyake vina grisi ambayo sabuni imeikatia tamaa.
"Zungusha ufunguo hatua moja," akasema, "usiwashe injini.
Hesabu."
Nikahesabu mpaka saba.
"Umeona nini?"
"Sijaona kitu."
"Basi ndiyo hiyo shida."

Taa ya mifuko ya hewa sharti iwake kidogo, kisha izime,
kama mtoto anayeitwa jina darasani:
huitika nipo, ndipo akanyamaza.
Asiyeitika, usimhesabu kuwa yupo.

Akafungua waya za betri, akaenda kunywa chai,
maana umeme, alisema, ni kama kinyongo,
hauondoki dakika ile ile unapoufukuza.
Aliporudi akaufungua usukani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Pale palipopaswa kulala mshindo wangu
pamejazwa soksi.
Soksi tatu za kijivu, moja ina tundu la dole gumba,
na kipande cha godoro.
Mfuko wenyewe ulishapasuka zamani,
ukakipokea kifua cha mtu mwingine
katika ajali ambayo hakuna aliyenisimulia.
Kazi yake ni mara moja tu;
haurudishwi ndani kama ulimi.

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi.
Miezi minne, mvua na theluji,
nilikuwa nikiimba nyuma ya soksi za mtu.

Mfuko mpya uligharimu sambusa elfu moja na mia mbili.
Mimi huhesabu pesa hivyo,
kwa sababu trela langu ni jiko:
karai mbili, mitungi ya gesi, unga magunia manane,
na kila kiangazi nalikokota kwenye maonyesho ya wakulima.

Verna akatazama nilivyopakia, akatikisa kichwa.
Magunia yote yalikuwa nyuma, karibu na mlango,
kwa uvivu wangu wa kushusha.
"Hivi," akasema, "mkia ndio utakaomchunga ng'ombe."
Tukayahamishia mbele ya ekseli, moja moja,
tukapima kwenye mizani ya malori mpaka akaridhika.
Minyororo miwili akaipitanisha chini ya shingo ya trela,
mikono ya mkunga,
ili shingo ikichomoka ipokewe kabla ya lami.

Njia ya Taber, saa nne asubuhi.
Upepo wa magharibi hauna mti wa kuuzuia kule;
unavuka mashamba ya viazi na kukugonga ubavuni.
Lori la mifugo likanipita.
Trela likaanza kuchezesha kiuno,
kushoto, kulia, kila mara zaidi,
na mguu wangu wote ulitaka breki.

Usikanyage. Usishindane na usukani. Ushike tu.
Nikaondoa mguu kwenye mafuta,
nikabana kidude cha breki za trela kwa kidole,
taratibu, kama unavyomshika bega anayeota vibaya.
Kiuno kikatulia.
Mbele yangu, ndani ya usukani, mfuko haukusema neno,
na safari hii nilikijua kimya chake.

Niliuza sambusa zote kabla ya alasiri.
Hakuna aliyeuliza mbona mikono inatetemeka;
labda walidhani ni mvuke wa mafuta.

Zile soksi nilizifua.
Yenye tundu ndiyo ninayofutia kijiti cha oili.