Nyuma ya Kalenda

Theluji ya Aprili hapa Duluth haina haya:
msimu wake umekwisha, na bado imekaa mlangoni
kama mgeni aliyekwisha kuaga.
Baba kaizoa usiku kucha kwa gari la manispaa,
kaingia saa kumi na moja alfajiri, buti mkononi,
akakuta taa ya jikoni inawaka, na mimi chini yake,
na bahasha mbili mezani.

Moja imetoka Vermont. Karatasi nzito,
ukipitisha kidole unausikia muhuri.
Nilifika huko Oktoba: matofali mekundu,
ngazi zilizolika katikati kwa nyayo,
na maabara ambamo msichana mwenye mafua
alinisogezea hadubini bila kuniuliza mimi nani.
Nikachungulia. Ini la panya,
jembamba kuliko ganda la kitunguu, limetiwa zambarau.
Nilirudi nyumbani na zambarau ile machoni.
Dola elfu sabini na moja, kwa mwaka.

Ya pili imetoka juu ya kilima, hapa hapa,
dakika ishirini kwa basi.
Ada: tumekusamehe. Vitabu: jitegemee.
Huko nimekwenda mara mia, kuogelea,
na sijawahi kutetemeka.

Baba akachomoa penseli sikioni,
akaigeuza kalenda ya duka la misumari.
"Miaka minne," akasema, akaandika.
"Kisha udaktari wenyewe, minne mingine." Akaandika.
"Kisha hospitali, ulale kwa zamu, ulipwe kama mimi."
Hili hakuliandika.
Akajumlisha kwa midomo. Ncha ikavunjika
kwenye sifuri ya tatu.

Mimi udaktari sikuuota. Niliukuta
kwenye mlango wa friji, kati ya siagi na haradali:
chupa za insulini za mdogo wangu Eino.
Nilikuwa na miaka tisa nilipojifunza kumchoma.
Finya ngozi, hesabu hadi kumi, usimtazame usoni.
Mwaka ule mama alizihesabu chupa
kama watu wanavyozihesabu siku za kufikia mshahara.
Kwa hiyo msiniambie elimu haina bei.
Kila kitu katika nyumba hii kina bei,
na bei zote tunazijua kwa ghibu.

Wiki jana nilimuuliza daktari wa Eino, Ragnhild Moen,
"Ulisomea wapi?"
Swali hilo, akasema, hakuwahi kuulizwa na mgonjwa.
Akanionyesha simu: deni, mwaka wa kumi na tisa,
bado linameza kila mwezi.
"Ungeanza upya leo?"
"Ningekwenda kulekule," akasema, akivaa glavu.
"Lakini usinifuate."
Ushauri kama msumeno, unakata kwenda na kurudi.

"Kuna kibanda cha ziwani," Baba akasema.
Hakuinua macho.
Kibanda alichokijenga babu Toivo, na sauna yake,
na mlango unaofungwa kwa kamba.
"Nani anakwenda siku hizi," akasema mtu
anayekwenda kila Jumamosi.

Hapo ndipo nilipoongopa.
Nikasema Vermont kulinichosha. Nikasema wanaringa.
Nikasema mchagua jembe si mkulima,
hadubini ni hadubini, ini la panya ni ini la panya.
Hilo la mwisho ni kweli,
na ndilo lililoniuma.

Baba akanitazama kama anavyoitazama barabara
asiyojua barafu yake imelala wapi.
Akachukua ufutio. Akafuta tarakimu moja moja,
akipuliza vumbi lake.
Neno Vermont akaliacha.
Kisha akaitundika kalenda mahali pake,
mwezi mbele, hesabu ukutani.

Eino akashuka na soksi moja, akafungua friji.
"Zimebaki ngapi?" nikauliza.
"Nne."
Siku hizi hujichoma mwenyewe.
Nilinawa mikono hata hivyo.