Tukingoja Jua Kadutu

Siku ya tatu ya mvua, na Mwalimu Ntakwinja
hajafungua kichupa.
Bromini iliyobaki haijazi kijiko cha chai:
kahawia-nyekundu, rangi ya maji
yanayoteremka na barabara yetu kwenda ziwani.
Akiimaliza, imekwisha. Hapa mjini hainunuliwi.

"Alkani," anatuambia tukingoja, "ni mtu aliyeshiba.
Kaboni ina mikono minne, yote imeshikwa.
Mpe asidi, hageuki. Mpe besi, hageuki.
Bromini ibishe hodi usiku kucha,
hata klorini ya ndoo ya kipindupindu pale langoni,
ndugu yake mwenye haraka:
gizani hafungui. Hana njaa."

Ijumaa, saa tano kasoro, wingu likapasuka upande wa Idjwi.
Mwalimu akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia.
Heksani katika neli mbili, bromini matone matatu matatu.
Moja akaivika soksi nyeusi ya mwanawe,
nyingine akaisimamisha dirishani, uchi.

Tulikuwa sitini na wawili.
Cishugi alikizuia kikohozi chake kwa ngumi.

Mwanga haubishi hodi.
Unaipasua bromini katikati, sawa kwa sawa,
kila nusu na elektroni moja,
kama mtu mwenye ndala moja sokoni
anayetazama miguu ya watu.
Inamvamia aliyeshiba, inampora hidrojeni.
Aliyeporwa sasa ana mkono mtupu;
anaishika bromini nyingine, anaivunja,
na tazama, ndala moja tena iko sokoni,
na sokoni hakuna polisi,
mpaka wapungufu wawili wagongane,
washikane,
wanyamaze.

Rangi ikawa chai kavu. Ikawa asali.
Ikawa maji.
Mdomoni mwa neli, moshi mwembamba;
litmasi ya buluu ikaona haya, ikawa nyekundu.
"Asidi," alisema Mwalimu, polepole,
kama anayemtazama mtoto akipiga hatua ya kwanza.

Wingu likarudi. Dakika sita tu.

Akaivua soksi: kahawia ile ile.
Karibu.
Akaigeuza, akaingiza kidole: tundu kisiginoni.
Alicheka hadi akakaa chini.

Jioni nilibaki kuosha neli.
Ziwa lilikuwa jeusi. Chini kabisa, wanasema,
methani imelala, nyingi kuliko sisi sote,
imeshiba,
na jua halijui njia ya kufika huko.
Niliosha polepole. Umeme ulikuwa umekatika.