Jiwe la Luhende

Kwa miaka tisa tela yangu haikuwa na breki.
Ilikuwa na Luhende.
Alikaa nyuma, juu ya magunia ya dagaa wa Igombe,
jiwe kalipakata,
na pikapu ikiishiwa pumzi kwenye kilima cha Bwiru
aliruka kabla sijafungua mdomo,
akalisukumiza chini ya tairi,
kisha akasimama pembeni akijipangusa vumbi,
kana kwamba si yeye aliyeizuia tani nzima
isirudi ziwani bila sisi.

Ekseli ilikuwa ya Pijo,
mahari pekee niliyoachiwa na marehemu.
Jumanne ile ya mvua ikapinda.
Gurudumu la kushoto likatembea kilevi,
beringi ikasaga meno,
na tulipoanza kushuka
tela ikaigonga pikapu mgongoni, ikitaka kupita.
Luhende akaruka. Jiwe likateleza.
Vidole vyake viwili vya mguu
vilibaki pale, mbele ya banda la mkaa.

Nikauza friji.

Kule Igogo, Fundi Machibya alilala chini ya tela,
akanyoosha uzi kutoka ncha hadi ncha,
akasema, "Mama Nyanzobe, hii siyo ekseli tena. Ni upinde."
Akaikata kwa gesi. Ikaanguka
na mlio mdogo kuliko nilivyotegemea.
Akaleta ya Kenta, nje kutu tupu,
ndani ya habu chuma bado cheupe.
Akaiosha kwa mafuta ya taa,
akapakaza grisi kwa kiganja kizima, bila haraka,
na springi akaongeza jani moja kila upande.

Halafu breki.
"Hizi hazina pedeli," akasema.
"Gari likipunguza mwendo, tela itasukuma.
Ikisukuma, fimbo hii inarudi nyuma, inavuta waya,
viatu vinaibana drami.
Inajizuia kwa ubishi wake wenyewe."
Nikamwambia niliwahi kuishi na mtu wa namna hiyo.
Hakucheka. Mdomoni alikuwa na nati tatu.

Jumamosi tulishuka Bwiru na magunia arobaini.
Nilikanyaga breki, nikakaza shingo
kusubiri kile kipigo cha mgongoni.
Hakikuja.
Nyuma yangu kitu kilinung'unika, kikatii.
Kulia ziwa lilichungulia kati ya majabali,
nikalitazama, mimi niliyezoea
kuitazama barabara tu.

Tulipofika Mwaloni nikazima injini.
Tela ilikuwa imetulia kama ukuta.
Nikasikia kishindo cha miguu, mmoja mzima, mmoja wa kuchechemea:
Luhende ameshashuka,
ameshainama,
ameshaliweka jiwe chini ya tairi.

Sikumwambia neno. Nilimpa ujira wake, uleule.
Wapagazi walipoanza kushusha, nikazunguka nyuma,
nikaweka kiganja kwenye habu:
vuguvugu.
Nikaweka kwenye jiwe.
Hilo ndilo lililokuwa la moto.